VM haina intaneti wakati laptopu inayo: fuata hivi kabla hujaifuta

Wakuu, kama umewahi kukesha unainstoli Ubuntu (aina ya Linux) kwenye VirtualBox, ile programu ya kutengeneza VM, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya laptopu, imewaka vizuri, imetulia kabisa, afu unafungua Firefox inakwambia haioni kitu, na muda huohuo laptopu yenyewe inacheza video bila kukwama, basi hii ni ya kwako. Wengi wakifika hapo wanafanya mambo mawili. La kwanza wanatoa NAT wanaweka Bridged (njia mbili za kuipa VM neti, nitazieleza hatua ya 2) kwa sababu kuna mtu aliwaambia Bridged ndo intaneti ya ukweli, la pili ikigoma wanaifuta VM nzima wanaanza upya, bando linateketea kudaunlodi tena ISO, yaani faili la kuinstolia, ambayo haikuwa na kosa lolote. Mimi nimefuta VM mara mbili kabla sijajua shida ilikuwa tiki moja kwenye kiboksi.

Natumia VirtualBox juu ya Windows na Linux ndani kama mfano maana ndo watu wengi wanachoanzia, huku chini kuna maneno machache ya programu nyingine za kazi hiyohiyo, VMware, Hyper-V, WSL na KVM. Fuata kwa mpangilio, usiruke, kwa sababu kila hatua inajibu swali moja tu na ukiruka utarekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Hatua ya 1: angalia laptopu yenyewe

Inaonekana ya kijinga ila fanya. Fungua tovuti ambayo hujaifungua leo, sio ile iliyokaa kwenye kumbukumbu ya brauza. Kama uko kwenye waifai ya chuo au hoteli hakikisha umeshapita ule ukurasa wa kuweka namba au paswedi. Kama una VPN imewaka, izime kwanza mpaka tumalize, kuna VPN zinabana kila kitu kisichopita kwenye njia yake.

Hatua ya 2: irudishe kwenye NAT

Hapa ndo nagombana na watu. Zima VM, nenda Settings, Network, Adapter 1, pale kwenye Attached to chagua NAT, funga, washa. Basi.

Kwanini NAT? Chukulia laptopu yako ni nyumba. VM iliyoko kwenye NAT ni mgeni anayekaa ndani, akitaka kitu dukani anamtuma mwenye nyumba, muuza duka anamuona mwenye nyumba tu, huyo mgeni hamjui hata jina. Kwahiyo kama mwenye nyumba anafika dukani, mgeni naye anapata. VM iliyoko kwenye Bridged ni mpangaji mwenye mlango wake wa nje, anatoka mwenyewe, anajitambulisha mwenyewe, mlinzi akimkataa getini ni shida yake mwenyewe. Sasa wewe hujui hata kama mtu wako anaweza kutembea unamtoaje nje usiku? Mjaribu ndani kwanza. Ikikubali kwenye NAT unajua VM nzima iko salama na ugomvi ni wa Bridged peke yake, ikigoma hata kwenye NAT unajua tatizo liko ndani ya VM au kwenye VirtualBox, na hapo umeshapunguza nusu ya kazi.

Kuna nyingine inaitwa Host-only, hiyo haina njia ya kwenda nje kabisa, ni ya laptopu na VM kuongea wenyewe. Kuna mtu utamkuta ameweka hiyo afu anahangaika siku tatu na DNS (mtafsiri wa majina ya tovuti kuwa namba). Na Internal Network ndo kabisa, VM kwa VM tu.

Hatua ya 3: waya umechomekwa?

Ndio, VM ina waya, wa kuigiza lakini upo. Palepale kwenye Adapter 1 kuna tiki ya Enable Network Adapter na nyingine ya Cable Connected. Kwenye matoleo ya zamani imejificha chini ya Advanced, na kuanzia 7.1 kama huioni badili ule mwonekano wa juu utoke Basic uende Expert. Zote mbili ziwe na tiki. Ile yangu ya kufuta VM mara mbili ilikuwa hii hii Cable Connected, sijui niliigusa saa ngapi.

Hapohapo angalia Adapter Type. Kama ndani una Windows ya kuanzia Vista kuja juu weka Intel PRO/1000 MT Desktop, hiyo Windows inaijua bila kutafuta draiva. Ukiweka ya Paravirtualized, yaani virtio-net, Linux itaipokea fresh ila Windows itakaa haioni kadi ya neti kabisa mpaka uinstoli draiva zake. Na kama una Windows XP ya majaribio kinyume chake, hiyo PRO/1000 haina draiva yake, weka PCnet-FAST III.

Hatua ya 4: VM imepewa IP?

IP ni namba ya anwani ya mashine kwenye mtandao. Sasa ingia ndani ya VM, fungua terminali:

ip a

Tafuta jina la adapta. Kwenye Ubuntu ndani ya VirtualBox mara nyingi ni enp0s3, ukiwa na adapta ya pili ni enp0s8, kwenye Kali (Linux nyingine) utaona eth0. Iache ile ya lo, hiyo ni VM inaongea na nafsi yake. Ukiwa kwenye NAT unategemea kuona 10.0.2.15. Ukiiona hiyo nenda moja kwa moja hatua ya 5. Na usishtuke ukiwa na VM tatu zote zina 10.0.2.15, kwenye NAT ya kawaida kila moja ina chumba chake na hazionani, ukitaka zionane na bado ziwe na neti kuna chaguo la NAT Network.

Kama adapta ipo lakini imeandikwa DOWN:

sudo ip link set enp0s3 up

Kama iko UP ila haina IP, iombe upya. Kwenye Ubuntu seva:

sudo networkctl renew enp0s3

Kwenye Kali au Ubuntu ya desktopu (weka jina la adapta yako):

sudo nmcli device connect eth0

Kwenye Windows ya ndani ni ipconfig /release afu ipconfig /renew. Ukiona IP inaanzia 169.254 hiyo usiifurahie, maana yake Windows imeomba IP, haijajibiwa na mtu, ikajipa yenyewe. Rudi hatua ya 2 na ya 3, kuna kitu umeacha.

Ubuntu seva ina mtego wake. Setingi za neti ziko kwenye faili la yaml ndani ya /etc/netplan na jina la adapta limeandikwa mle kwa herufi. Ukihamisha VM kutoka VMware, ambako adapta inaitwa ens33, ukaileta VirtualBox ambako inaitwa enp0s3, faili linaendelea kumtafuta ens33 ambaye hayupo. Fungua, badili jina, kuwa makini na nafasi za mwanzo wa mstari maana yaml ni kama mwalimu wa hati, ukikosea nafasi moja anakataa daftari zima, afu:

sudo netplan apply

CentOS 7 (nayo ni Linux) uliyoinstoli bila kugusa setingi za neti inakuja adapta imezimwa makusudi, kwenye faili lake kuna ONBOOT=no. Andika nmtui, ingia Edit a connection, tia alama kwenye Automatically connect, toka, ristati.

Hatua ya 5: inatoka getini?

ip route

Unatakiwa kuona mstari unaoanza na default, kwenye NAT ni default via 10.0.2.2. Hilo ndo geti. Hakuna mstari wa default, hakuna safari, hata kama IP unayo nzuri namna gani.

Na ikiwepo mistari miwili ya default hapo ndo kuna vituko. Niliwahi kuongeza adapta ya pili ya Host-only ili niwe naingia kwa SSH (kuiendesha VM kwa amri kutoka mbali) kutoka kwenye laptopu, nikaiandikia IP kwa mkono, na kwa kuwa nilikuwa najiona najua nikaiwekea na geti 192.168.56.1. Ristati, neti imekufa. VM ilikuwa inapeleka kila kitu kwa lile geti la Host-only ambalo halina pa kwenda, ni sawa na kupanda basi linaloishia gereji. Adapta ya Host-only ipe IP tu, geti usiipe.

Default ikiwepo moja jaribu:

ping -c 4 10.0.2.2
ping -c 4 8.8.8.8

Ya kwanza ikijibu VM inaongea na VirtualBox. Ya pili ikijibu umefika nje. Ila ya pili ikigoma usihukumu haraka, kuna mitandao ya maofisini na vyuoni inazuia ping kabisa, na ping ndani ya NAT sio ya kuaminika asilimia mia. Hakikisha kwa njia nyingine ambayo haihitaji jina la tovuti:

curl -I http://1.1.1.1

Ikirudisha chochote kinachoanza na HTTP, neti ipo. Ikigoma na hiyo, kwenye NAT, wakati laptopu inapata neti, cheki fayawoli au antivairasi ya laptopu kama imeibana programu ya VirtualBox. Izime dakika mbili ujaribu, ikikubali iwashe na uiruhusu VirtualBox, usiache imezimwa.

Hatua ya 6: DNS, mwizi wa kila siku

Kama ile curl ya namba imekubali lakini google.com haifunguki, au apt (kishusha programu cha Ubuntu) inakwambia Temporary failure resolving, basi intaneti unayo tayari, ulichokosa ni mtu wa kukutafsiria majina kuwa namba. Pima hivi:

nslookup google.com
nslookup google.com 8.8.8.8

Ya kwanza ikigoma na ya pili ikakubali, kesi imeisha, ni DNS.

Inatokeaje? Mara nyingi hivi. NAT ya VirtualBox kwa kawaida inaipa VM DNS zilezile ambazo laptopu inazo wakati huo. Sasa upo ofisini VM imewaka, saa imefika unafunga kwa Save the machine state, unafika home unawasha hotspoti ya simu unaifungua VM ilivyokuwa. Laptopu imeshapata DNS mpya, ila VM bado inamuuliza yule DNS wa ofisini ambaye huku nyumbani hafikiki. Mimi ilinichukua jioni kadhaa kuelewa kwanini VM inafanya kazi mchana tu! Dawa ni kuchomoa waya na kuuchomeka, kwenye menyu ya dirisha la VM nenda Devices, Network, toa tiki ya Connect Network Adapter, hesabu mpaka tano, irudishe. VM itaomba taarifa upya na itapewa DNS za sasa.

Ukichoka na hiyo michezo mpe DNS ya kudumu. Ya kujaribia tu, ambayo itaondoka ukiristati:

sudo resolvectl dns enp0s3 1.1.1.1 8.8.8.8

Ya kudumu kwenye Ubuntu seva iandike kwenye netplan sehemu ya nameservers. Angalizo, kama kazini kuna majina ya ndani, mfano seva ya ofisi isiyojulikana nje, DNS ya nje haitayajua, hapo bora uchomoe na kuchomeka waya. Na ukiona /etc/resolv.conf imeandikwa 127.0.0.53 usikimbilie kuifuta, kwenye Ubuntu hiyo ni kawaida, ni msaidizi wa ndani anayepokea maswali na kuyapeleka mbele. Watu wanaiharibu hiyo faili kila siku kwa kufuata maelekezo ya juu juu.

Hatua ya 7: neti ipo ila unaambiwa haipo

Hapa ndo wengi wanapotea, kila kipimo kimepita lakini kitu bado hakishuki.

Angalia saa. Andika date. VM iliyolala kwa Save the machine state inaweza kuamka inadhani ni juzi, tovuti za https zinakataa kwa kisingizio cha cheti, na apt inakwambia Release file is not valid yet. Rekebisha saa, kila kitu kinarudi:

sudo timedatectl set-ntp true

Angalia kama mfumo wenyewe bado uko hai. CentOS 7 ilifikia mwisho wake tarehe 30 Juni 2024 na zile seva za orodha zikazimwa, kwahiyo mtu anafuata somo la zamani, anaandika yum install, anapata Could not resolve host: mirrorlist.centos.org, anaanza kuhangaika na DNS. DNS haina kosa, nyumba imehamishwa. Elekeza kwenye ghala la zamani:

sudo sed -i 's/^mirrorlist=/#mirrorlist=/' /etc/yum.repos.d/CentOS-Base.repo
sudo sed -i 's|^#baseurl=http://mirror.centos.org|baseurl=http://vault.centos.org|' /etc/yum.repos.d/CentOS-Base.repo

Hiyo ni ya kujifunzia tu, kwa kazi ya kweli hama.

Na kama mtandao mliopo lazima upite kwenye proksi (seva ya kati ya kupitia), brauza ya laptopu inaijua ila VM haijui, utaiandikia mwenyewe.

Kuna na hii ya VM ina neti vizuri ila huwezi kuingia kwa SSH kutoka kwenye laptopu. Hilo sio tatizo, ndo NAT ilivyo, mgeni anatoka ila wa nje hamuoni. Kwenye Adapter 1 bonyeza Port Forwarding, Host Port weka 2222, Guest Port 22, afu ssh -p 2222 na jina lako kisha @127.0.0.1.

Sasa kama lazima iwe Bridged

Umeshathibitisha NAT inafanya kazi, unataka VM iwe na IP yake kwenye ruta ili na simu iione. Haya.

Cheki pale Name chini ya Bridged Adapter. VirtualBox inakutajia kadi zote za laptopu na unaweza kuwa umechagua ya waya wakati unatumia waifai. Ukihama kutoka waya kwenda waifai hiyo inabidi uibadili kwa mkono.

Kwenye Windows fungua ncpa.cpl, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi kwenye kadi yako, Properties, uone VirtualBox NDIS6 Bridged Networking Driver ina tiki. Kama haipo kabisa ndo pekee ambapo nitakwambia uinstoli upya, na ni VirtualBox sio VM.

Halafu kuna ukweli mchungu wa waifai. Ruta ya waifai inategemea kifaa kimoja kiwe na MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya neti) moja, kama tiketi ya basi ni abiria mmoja, na Bridged inataka kupitisha abiria wawili kwa tiketi moja. VirtualBox ina ujanja wa kubadilisha hizo MAC njiani na mara nyingi inapita, lakini kuna kadi na kuna hotspoti za simu zinakataa na hakuna setingi utakayogusa ikabadilisha hilo. Chuoni na ofisini ni hivyohivyo hata kwa waya, swichi nyingi zimefungwa MAC moja kwa tundu moja, au kila MAC mpya inaombwa kuingia upya. Sehemu kama hizo baki NAT na utumie Port Forwarding, utapata karibu yote unayoyataka, na fundi mitandao wa ofisi hatakufuata mezani.

VM uliyoikopi

Ukikloni VM, kwenye ile menyu ya MAC Address Policy chagua Generate new MAC addresses for all network adapters. Ukiacha MAC zibaki zilezile, kwenye Bridged utakuwa na mashine mbili zenye MAC moja, zinanyang'anyana IP, moja inapata neti nyingine inakata, kama watoto na rimoti. Ubuntu seva ina ya ziada, hata ukibadili MAC bado zinaweza kupewa IP moja kwa sababu inajitambulisha kwa DHCP (mgawaji wa IP) kwa kutumia machine-id (namba ya utambulisho ya mfumo) na hiyo nayo imekopiwa. Kwenye ile kopi:

sudo truncate -s 0 /etc/machine-id
sudo reboot

Itajitengenezea nyingine ikiwaka.

Wa VMware, Hyper-V, WSL na KVM

VMware juu ya Windows, fungua services.msc uone VMware NAT Service na VMware DHCP Service zinakimbia, mojawapo ikizimika NAT yote imekufa. Ikishindikana fungua Virtual Network Editor kama admini ubonyeze Restore Defaults.

Hyper-V tumia Default Switch, ila usiandike IP kwa mkono ukiwa hapo, namba zake zinabadilika ukiristati Windows.

WSL2 (Linux ndani ya Windows) ikikata, mara nyingi ni baada ya kuwasha VPN au laptopu kulala, jaribu wsl --shutdown kwenye PowerShell ufungue tena. Kama una Windows 11 ya 22H2 kuja juu, kwenye faili la .wslconfig chini ya [wsl2] andika networkingMode=mirrored, imewaponya wengi wa VPN.

KVM kwenye Linux, VM zinatakiwa kupata 192.168.122 na kitu. Zisipopata, mtandao wa default umelala:

sudo virsh net-start default
sudo virsh net-autostart default

Ikishakubali, linda bando

Hili watu hawasemi na linauma. Windows iliyoko ndani ya VM haijui kama uko kwenye hotspoti ya simu, yenyewe inaona waya, na ikiona waya inajua neti ni ya bure, inaanza kushusha apudeti zake kimyakimya, wewe unashangaa meseji ya bando limeisha. Ingia Settings za hiyo Windows ya ndani, Network & internet, Ethernet, washa Metered connection. Kwenye Ubuntu zuia snap (programu zinazojiapudeti zenyewe) kwa siku tatu:

sudo snap refresh --hold=72h

Na ukitaka kumjua mlaji, kwenye laptopu fungua Task Manager uangalie safu ya Network, kwenye NAT kila kinachotumiwa na VM kinapita kwa programu ya VirtualBox yenyewe kwahiyo utaiona pale inakula.